Kinywa cha Vidole Vitatu

Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa tatu

Vidole viwili.

Daktari wa meno wa hapa mtaani ameniagiza niandike kila siku mdomo wangu unafunguka kiasi gani. Anasema kinywa cha mtu mzima hupitisha vidole vyake mwenyewe vitatu, kimoja juu ya kingine. Kwangu vinaingia viwili, cha tatu kinagonga meno na kurudi. Nikamwambia mimi ni fundi cherehani, huu mwaka wa arobaini na moja, nina futi iliyopima viuno vya mtaa mzima, vidole vya nini? Akasema, "Vidole tu, Bibi." Kijana hana hata mvi moja, lakini kuamuru anajua.

Daftari nimempokonya mjukuu wangu wa darasa la kwanza. Tunamwita Kasuku kwa sababu hanyamazi. Kurasa tatu za mwanzo zina hesabu zake, amepata mbili kati ya kumi. Mimi niliishia darasa la nne, lakini hesabu zangu hazijawahi kumpeleka bwana harusi ukumbini na suruali fupi.

Jumanne, tarehe 5

Vidole viwili. Joto la kuchemsha bongo. Mvua haijaja.

Jumatano, tarehe 6

Vidole viwili. Mke wa mwanangu ameunguza kola ya shati la mteja kwa pasi. Nimempa maneno manne tu kwa sababu taya linauma. Siku nyingine angepata arobaini. Yeye hajibu kitu, anasimama na pasi mkononi kama amesahauliwa hapo. Ndiyo maana namwita Kimya. Mwanangu ni dereva wa lori, wiki tatu yuko njiani, siku nne yuko nyumbani, basi nyumba hii inabaki na mimi, na Kasuku, na huyu ambaye ukimwuliza kama mvua inanyesha atatoka nje, atatazama, atarudi, ataketi. Miaka minane sasa. Ukuta una maneno mengi kuliko yeye.

Alhamisi, tarehe 7

Vidole viwili, kwa kulazimisha.

Nimerudi kwa daktari wa meno. Mwezi wa kwanza alining'oa gego la mwisho, chini, upande wa kulia. Kazi safi, sina la kumlaumu. Aliniambia nisitie kitu chochote pale mpaka shimo lizibe. Baada ya wiki mbili shavu likavimba na taya likaanza kukaza. Amenipa dawa mara tatu. Nikimeza, uvimbe unaondoka. Dawa zikiisha, unarudi, na kila ukirudi mdomo unafunguka kidogo kuliko mara iliyopita.

Leo alitaka kunipiga picha. Ana kadi ndogo, mtu anaing'ata ndani, nyuma kabisa, halafu anapigwa. Kadi haikupita. Alijaribu kwa mbele, akajaribu kwa pembeni, jasho likamtoka yeye kuliko mimi. Mwisho akavua glavu, akaketi.

"Bibi, tangu nikung'oe, kuna kitu chochote kiliingia mle? Mwiba wa samaki? Kijiti cha meno?"

"Hakuna," nikasema.

"Una hakika?"

"Mimi si mtoto."

Kimya alikuwa amesimama nyuma yangu na mkoba wangu.

Daktari akaandika kwenye karatasi kwamba hii si kazi yake tena, nitafutiwe daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso. Nikamwuliza huyo anapatikana wapi. Akakuna kichwa. "Zamani alikuwepo mmoja, nasikia alihamishwa. Ulizeni." Cheo kirefu kama shela la bibi harusi, na mwenyewe hajulikani alipo.

Jumamosi, tarehe 9

Vidole viwili kasoro. Mwanangu amepiga simu. Nilimsikiliza tu. Mwishoni akasema, "Mama, dakika tano nzima hujanigombeza. Unaumwa kweli."

Jumanne, tarehe 12

Mvua imeanza leo asubuhi, bila salamu. Bati la kibandani ninaposhonea linapiga kelele mpaka cherehani haisikiki.

Kimya alitoka na ile karatasi ya daktari ndani ya mfuko wa plastiki. Hakuaga. Amerudi saa kumi, viatu mkononi, sketi imelowa mpaka kiunoni. Hospitali ya kwanza walimpeleka kwa daktari wa masikio. Wa masikio akamwambia taya si sikio. Nikamwambia, "Siku nzima umepoteza kujifunza kwamba taya si sikio?" Akaenda kubadilisha nguo.

Vidole viwili kasoro.

Alhamisi, tarehe 14

Kidole kimoja na nusu.

Leo amekwenda hospitali ya pili. Kibao kipo mlangoni, anasema, maneno yote yamo, kinywa, taya na uso. Akagonga, akangoja saa mbili, na mlango ulipofunguliwa akatoka mfagizi. Ndani mna fagio na ndoo. Bingwa aliondoka mwaka juzi, kibao wakasahau kukitoa. Yote hayo aliyasema kwa maneno kumi na moja. Niliyahesabu.

Nilitaka kumwambia kwamba mtu mwenye akili huuliza kwanza kabla ya kungoja saa mbili mlangoni kwa ndoo. Lakini maneno yakikutana na taya hili yanatoka yamepondeka, Kasuku akaanza kuniigiza. Nimeyaandika hapa badala yake.

Jumapili, tarehe 17

Kidole kimoja na nusu. Mkate siuwezi tena.

Jumatatu, tarehe 18

Kidole kimoja na nusu. Uji. Kimya anauchuja kwa kitambaa cha bitana ili usiwe na mabonge. Ni bitana nzuri, niliiweka kwa koti la mchungaji. Nilimtazama akiufinya, anafinya taratibu, hamwagi hata tone. Nikanyamaza kuhusu bitana.

Alhamisi, tarehe 21

Amempata.

Yuko hospitali ya rufaa, ng'ambo ya mto, na wagonjwa wapya anawaona Alhamisi tu. Kimya alimfikia vipi? Alimwuliza yule mfagizi. Alirudi tena kule kwenye ndoo, akamwuliza mfagizi bingwa alikohamia, mfagizi akamwuliza mlinzi, mlinzi anamjua dereva wa gari la wagonjwa. Daraja la chini limefunikwa na maji, akapita lile la juu kwa miguu. Ni mwendo mrefu hata kwa mwenye mwavuli, na mwavuli wetu mimi ndiye niliyeuvunja.

Lakini karani wa pale alisoma karatasi, akauliza shida ni nini, Kimya akamwambia tulivyojua, jino lililong'olewa na uvimbe. Karani akaandika "jino" na kutupa tarehe ishirini na saba mwezi wa sita. Miezi mitatu!

"Wenye meno ni wengi," karani alimwambia.

Nikamwuliza Kimya kwa nini hakubishana. Akatazama chini. Mimi ningembishia karani yule mpaka akasahau jina lake. Kidole kimoja na nusu.

Jumatatu, tarehe 25

Kidole kimoja.

Jumanne, tarehe 26

Kidole kimoja. Mrija. Supu. Mvua.

Jumatano, tarehe 27

Kidole kimoja, na kile chembamba. Wasichana wanne ninaowafundisha kushona wamekuja, nikawapa kazi kwa ishara. Mmoja amekata mkono wa gauni kinyume, nikapiga meza. Wakadhani nataka chai.

Ijumaa, tarehe 29

Homa tangu jana. Shavu limekuwa gumu kama ubao wa kukatia. Hata kidole chembamba kinakwama. Nimepima kwa vifungo: vifungo vitatu vya shati, nikivipanga pamoja, ndiyo nafasi niliyobakiwa nayo. Nikimeza mate, upande wa kulia wa shingo unavuta.

Sasa nitaandika jambo moja. Nikishaliandika huenda nikapumua.

Kitu kiliingia.

Ilikuwa siku ya tisa tangu kung'olewa. Nilikuwa namjaribishia bibi harusi gauni, nimepiga magoti, napandisha pindo. Mikono yote miwili ilishika kitambaa, na sindano ya mkono, namba saba, nilikuwa nimeibana kwa meno. Vumbi la chaki likanipanda puani, nikapiga chafya. Nikasikia "tak." Nikatema nusu yenye tundu. Nyuma, pale kwenye shimo la gego, nikahisi mchomo mmoja, kisha kama hakuna kitu. Nusu ya pili nikaitafuta sakafuni kwa sumaku mpaka bibi harusi akauliza kama nimepoteza pete. Nikajiambia nimeimeza. Nikajiambia itatoka yenyewe. Nusu yenye tundu nimeiweka ndani ya kopo la vifungo.

Kwa nini sikusema? Daktari aliniuliza wazi, nikamwambia mimi si mtoto.

Ni kwa sababu mwaka aliokuja Kimya nyumbani, akiwa bado bibi harusi mpya, nilimkuta kibandani amebana pini nne mdomoni. Wateja walikuwepo, na wasichana walikuwepo. Nikamwamuru azitemee kiganjani mwangu mbele yao, moja moja. Nikamwambia fundi anayeweka pini mdomoni hana tofauti na anayelala barabarani. Nikamsimamisha mlangoni mpaka jioni, kila anayeingia anamwona. Wasichana wote waliopita mikononi mwangu nimewasimulia kisa hicho, na yeye akiwepo.

Kabla ya siku ile alikuwa anaimba akipiga pasi. Nilikuwa nimesahau. Leo, na homa hii, nimekumbuka. Sauti nyembamba, kidogo inapotea juu, lakini alikuwa anaimba.

Jumamosi, tarehe 30

Vifungo vitatu. Kasuku ameniuliza, "Bibi, mdomo ukifunga kabisa, chakula kitapita wapi?" Mama yake akamvuta mkono, akamtoa nje.

Jumapili, tarehe 31

Vifungo viwili na nusu.

Kusema siwezi. Ninachoweza ni kumpa daftari asome. Lakini daftari hili lina mambo mengine, aliyeketi na hajibu, na ukuta, na kadhalika. Nikafikiri kuzichana kurasa. Kuchana daftari la mtoto wa shule ni dhambi. Basi nikachukua uzi mweupe, nikashona kurasa zote tangu tarehe nne mpaka ishirini na saba, bandi ya mishono ya karibu karibu, pembeni mwote, hata kisu kisingepenya. Nikaacha wazi ukurasa wa tarehe ishirini na tisa peke yake.

Baada ya chakula cha mchana, mvua ikiwa imetulia kidogo, nikamwita kibandani. Nikampa daftari. Nikajifanya natafuta kitu kwenye kopo la vifungo.

Alisoma amesimama. Kisha akaketi, akasoma tena. Nilisikia ukurasa ukigeuka na kurudi. Nikangoja. Kama angenitemea mate ningejipangusa tu.

Akasema, "Na hizi zilizoshonwa, Mama?"

Nikamwonyesha kwa mkono, mdomo wangu, kisha yeye, kisha nikapunga hewani. Matusi.

"Ooh, hizo," akasema. "Hizo nazijua. Ulikuwa ukiandika huku unasema kwa sauti."

Na akacheka! Mke wa mwanangu alicheka mpaka akashika cherehani, machozi yanamtoka, na mimi niko pale na vifungo viwili na nusu, kicheko kinanijia puani, taya linaniuma mpaka naona nyota. Alipopata pumzi akasogea karibu, akaninong'oneza kama mwizi:

"Mama, na mimi mpaka leo nabana pini mdomoni. Ukigeuka tu."

Miaka minane! Kibandani mwangu! Nilikuwa na maneno mia mbili na hayakuwa na pa kutokea.

Akavaa viatu. Nikamshika mkono, nikamwonyesha saa na mvua. Akasema, "Kesho saa kumi na mbili tuko njiani, mimi na wewe." Hakuuliza. Aliamuru. Nimeenda kutafuta kitenge cha kujifunika.

Jumatatu, tarehe 1 mwezi wa nne

Tulifika hospitali ya rufaa kabla hata karani hajaweka kiti chake. Mwanamke mnene, miwani kifuani, kalamu mbili kichwani. Kimya akamwekea kadi ya miadi mezani.

"Tarehe yenu mwezi wa sita," karani akasema.

"Tunaomba ibadilishwe, dada."

"Wote wanaomba. Pisha wenzako."

Nikajua ndiyo basi. Nikajua atatazama chini, atachukua kadi, tutarudi kwenye matope.

Akapiga meza. Kimya alipiga meza!

"Sipishi! Mlipoandika jino mliandika nilichojua mimi, leo nimejua kingine. Si jino. Mama yangu ana sindano ndani ya taya, mwezi wa tatu sasa, ana homa, mdomo umebaki hivi," akamwonyesha kwa vidole, "na shingo inamvuta. Andika sindano! Mwite mkubwa wako aje amwambie mama yangu angoje mwezi wa sita, amwambie machoni!"

Foleni nzima ikageuka. Mtoto mmoja akaacha kulia. Nilitaka kumvuta gauni, aibu ikanishika, halafu nikakumbuka hivyo ndivyo ningefanya mimi, neno kwa neno, na meza ningeipiga mara mbili. Amejifunza wapi? Miaka minane alikuwa ameketi ananisikiliza.

Karani akavaa miwani. Akanitazama mimi, akaitazama nusu ya sindano niliyomwekea mezani. "Hili mngelisema mapema, Bibi," akasema, si kwa ukali. Akanyanyua simu. Daktari akatuma jibu: wanilaze leo hii, nianze dawa ya mshipa, Alhamisi ataniona wa kwanza.

Alisema "mama yangu" mara mbili.

Alhamisi, tarehe 4

Vifungo viwili na nusu, homa imeshuka. Naandikia kitandani.

Bingwa ni mwanamke! Mdogo wa umbo, amevaa viatu vya mpira, umri wa mwanangu. Akanisalimu, "Shikamoo, Bibi," nikamwitikia kwa kichwa. Akanipima, akanibonyeza shingoni kwa ncha za vidole, mikono ya mtu anayejua kitambaa kabla ya kukikata. Wakanipeleka kwenye mashine ambayo haitaki kadi mdomoni. Unasimama, unabana kidevu, yenyewe inakuzunguka kichwa.

Picha akaiweka ukutani kwenye taa. Meno yangu yote yamepangwa mstari mmoja kama vifungo kwenye kadi. Na kule nyuma, kulia, chini ya lilipokuwa gego, kimstari cheupe. Katika picha nzima hakuna kingine kilichonyooka hivyo.

Daktari akaomba nusu ile yenye tundu. Kimya akatoa mkobani na sindano nzima, namba saba, mpya, alikuwa ameibeba bila kuambiwa. Daktari akazilaza pamoja, akapima kilichopungua, akapima kwenye picha. Vikalingana.

"Mmenifanyia nusu ya kazi," akasema. "Sasa najua natafuta urefu gani, na kwamba ni kipande kimoja." Kisha akaketi kitandani, karibu na miguu yangu. "Bibi, sikufichi. Inasogea. Imeingia kwenye msuli unaofunga mdomo, ndiyo maana umekaza, na usaha umeanza kushuka shingoni. Ungengoja mwezi wa sita, tungekuwa tunazungumzia pumzi, si mdomo."

Kimya akashika chuma cha kitanda.

"Na nani alikuambia ubane sindano kwa meno?"

Nikaomba kalamu. Nikamwandikia: *Mimi ndiye ninayewakataza wenzangu.* Akasoma, akauma mdomo wa chini asicheke. Hakufaulu.

Jumatatu, tarehe 8

Kesho. Watapitisha mpira wa kupumulia puani kwa sababu mdomoni hapapiti. Daktari alisema msuli uliokaza muda mrefu wakati mwingine hausahau. Sindano itatoka, lakini mdomo kufunguka tena itategemea mimi na mazoezi. Huenda ukafunguka nusu tu. Nikamwandikia kuuliza kama nitasema tena. Akajibu, "Utasema. Kiasi gani, hapo sijui."

Kimya amenisuka nywele ili kofia yao ikae. Kwa mara ya kwanza nimeona ana kovu dogo kwenye kidole cha shahada, la pasi. Sikumbuki lini. Lazima nilikuwepo. Lazima nilisema kitu.

Ijumaa, tarehe 12

Imetoka.

Sikumbuki kitu, ila taa, na sauti ya Kimya mlangoni akimwambia muuguzi, "Akiamka akikunja uso msiogope, ndivyo alivyo." Nilipoamka alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, Kasuku amelala mapajani mwake, mwanangu amesimama dirishani na kofia yake ya safari. Alikuwa ameliacha lori kwa mwenzake. Mtu mzima analia kama bomba bovu. Nilimwonyesha ngumi.

Sindano iko ndani ya kichupa cha glasi. Nyeusi. Ndogo mno kwa shari yote ile.

Daktari ameniletea kioo nione. Nyuzi nne ndani. Nikazitazama, nikamwandikia: *Mwendo umenyooka. Fundo kubwa.*

"Nitakuja kujifunza kwako, Bibi."

*Njoo Jumamosi. Usichelewe.*

Kipimo: vifungo vitatu.

Jumatatu, tarehe 15

Nyumbani. Mazoezi ni vijiti bapa, kama vya kulia aiskrimu. Unavipanga kati ya meno, unangoja, unaongeza kimoja. Mara tano kwa siku. Leo vijiti sita. Maumivu sitayaandika, Kasuku anasoma daftari hili.

Jumatano, tarehe 17

Vijiti sita.

Alhamisi, tarehe 18

Vijiti sita. Mvua.

Jumamosi, tarehe 20

Vijiti sita. Nimevitupa vyote uani. Nikasema, kwa meno yaliyobana, basi, mdomo umechoka, niacheni. Kimya akatoka kwenye matope, akaviokota, akaviosha kwa maji ya moto, akaviweka mezani.

"Tunarudia," akasema.

"Ukali huu umeutoa wapi?"

"Pale pale unapopajua."

Vijiti saba.

Jumatano, tarehe 24

Vijiti tisa. Kidole kimoja kinaingia na hakikwami.

Jumanne, tarehe 30

Vijiti kumi na mbili. Nimekula ndizi mbivu. Niliitafuna. Nilikuwa nimesahau kwamba ndizi ina harufu kutokea ndani.

Alhamisi, tarehe 9 mwezi wa tano

Vidole viwili. Daktari amefurahi. Ananiuliza, "Mkwe wako yuko wapi leo?" Nikamwambia, "Binti yangu amebaki kibandani, kuna sare za shule za kumaliza." Nilisikia nilichosema baada ya kukisema. Sikukirudisha.

Jumatatu, tarehe 13

Vidole viwili. Mvua inapungua, sasa ni ya asubuhi tu.

Leo niliwakusanya wasichana wote kibandani, Kimya naye nikamwambia akae. Nikakiweka kichupa kwenye meza ya kukatia. Nikasema hiki kimetoka kwenye taya langu. Nikasema nilikuwa nimebana sindano kwa meno kama mjinga, na nikamdanganya daktari, kwa sababu nilimwaibisha mtu kwa kosa hilo hilo na sikutaka ajue. Nikasema mtu huyo ndiye aliyepita daraja la juu kwa miguu kunitafutia daktari. Wasichana hawakujua watazame wapi. Mmoja akatazama feni.

"Nisamehe," nikamwambia, mbele yao, kama nilivyomtukana mbele ya watu.

Akasema, "Yamekwisha, Mama." Akainuka kuwasha pasi, maana alikuwa analia.

Kile kisa nilichokuwa nikiwasimulia wasichana, sitakisimulia tena. Kichupa kitakaa kwenye rafu, kinatosha.

Jumanne, tarehe 21

Vidole viwili na nusu. Nimefumua kurasa zilizoshonwa, mwenyewe, kwa wembe. Kimya alisema kweli, niliandika huku nasema, hata mimi naikumbuka sauti yangu. Nimeziacha kama zilivyo. Pale nilipomlinganisha na ukuta nimechora mstari, si wa kufuta, wa kujua tu nilipokuwa.

Jumamosi, tarehe 25

Jua tangu asubuhi. Uani panatoa mvuke.

Niliingia kibandani bila viatu, yeye amenipa mgongo, anapima bega la koti. Alikuwa anaimba. Sauti inapotea juu, kama zamani. Nikasimama nisimkatize. Kisha wimbo ukageuka mguno, nikamzunguka kwa mbele. Pini tatu! Katikati ya midomo!

"Wewe!" nikasema, na neno likatoka zima, limejaa, mpaka paka akaruka dirishani. "Wewe mwanamke! Umeona kichupa, umeona picha, umeniona nikila kwa mrija mwezi mzima! Hicho ni kinywa au mto wa pini? Tema! Tema hapa!"

Akazitema kiganjani mwangu, moja, mbili, tatu. Hakutazama chini. Alikuwa ananitazama mdomoni.

"Mama," akasema. "Fungua tena."

"Usinibadilishie mazungumzo."

"Fungua, Mama, nipime."

Nikafungua. Akasimamisha vidole vyake, kimoja juu ya kingine, na kile chenye kovu la pasi kimo, akaviingiza taratibu kati ya meno yangu. Cha kwanza. Cha pili. Nikangoja kile cha tatu kigonge na kurudi kama siku zote.

Kikapita.

Nikamng'ata. Kidogo tu, apate adabu.